Vishanta Vitatu vya Kwenda Bijombo

Uvira, tarehe 24 Mei 1964

Kwako Mama Mkwe Mukarusanga,

Pokea salamu zangu na za wajukuu zako watatu. Sisi hapa tungali wazima, ila uzima wenyewe siku hizi ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa salama?

Barua yako mjumbe wako Nduwimana ameifikisha. Aliificha chini ya kibuyu cha siagi, nikaipangusa kwanza ndipo nikaisoma. Yale uliyosikia ni kweli. Vijana waasi wenye majani kichwani waliingia mjini, na siku ya tatu wakamchukua mwanao, Baba Florentine. Kosa lake ni kalamu. Walisema aliyekuwa karani katika ofisi ya teritwari amekula na serikali, basi atatapika na serikali. Hawakumpiga mbele ya watoto, kwa hilo nashukuru.

Unaniambia nipande na watoto Bijombo leo kabla ya kesho. Mama, nakuheshimu, lakini nisikilize. Gerezani hawapiki. Unajua hivyo tangu zamani, mfungwa hula kile mke wake anacholeta. Kila siku saa sita nampelekea maharage na ugali, nampa mlinzi sahani mlangoni, nangoja juani, sahani inarudi tupu. Simwoni. Sahani ndiyo inayoniambia kwamba yupo. Nikipanda mlima, nani atampelekea? Ndugu zake wote wako huko kwenu, na ndugu zangu wamevuka ziwa kwenda Usumbura.

Tena hawa watoto hawajawahi kutembea. Florentine ana miaka tisa, mwisho wake ni shuleni. Cyprien ana sita, anachoka kabla ya kufika sokoni. Murekatete ana mitatu, na huyo hata chooni anataka kubebwa. Safari ya siku tatu milimani ninyi mnaiita matembezi. Sisi wa ziwa tunaiita adhabu.

Tuombee.

Mkazamwana wako,
Honorine


Bijombo, tarehe 29 Mei 1964

Mwanangu Honorine,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yanauma, ng'ombe amezaa dume, hapa ni ukungu na viazi. Nimekujibu yote, sasa nisikilize weye.

Nduwimana ameniambia habari uliyonificha. Mke wa karani mwenzake mwanangu, yule Bernardine, wale vijana walimfuata nyumbani na kumchukua, watoto wake wakiwa wameshika nguo yake. Hukuniandikia kwa sababu ulijua nitasema nini. Basi nasema. Nyumba yako ni ya pili katika orodha hiyo, hata mtu asiyejua kusoma anaona.

Sijakuambia umwache mume wako. Nakuambia uanze kuwafundisha watoto kutembea, ili siku ikifika usianze kutafuta viatu. Watoto si mayai. Baba yao alishuka mlima huu kwa miguu yake akiwa na miaka saba, akienda shule ya misheni, na alirudi na meno yote.

Chukua gunia la unga, shona vishanta vitatu. Ninyi watu wa ziwa mnabeba kila kitu kichwani, na barabarani inafaa. Mlimani mtoto mwenye mzigo kichwani haoni mguu wake. Mikanda ifanye mipana, uitie kitenge kilichochakaa ndani, isikate mabega. Florentine abebe blanketi na chumvi. Cyprien abebe viazi vilivyochemshwa na kikombe. Murekatete mpe nguo yake moja na hindi la kuchoma. Usimwache mikono mitupu kwa kumhurumia. Mtoto asiyebeba kitu ndiye anayelia njiani, maana anadhani yeye mwenyewe ni mzigo.

Watembeze kila asubuhi wakiwa wamebeba. Wakiuliza kama mmekaribia kufika, usiwadanganye. Mtoto aliyedanganywa mara moja atakaa chini na hatasimama. Mtajie tu jina la mahali pa mbele, atembee hadi pale.

Na walete kwangu. Nduwimana atawaongoza, yuko tayari. Wewe baki na sahani yako kama huna budi, lakini walete.

Mama yako wa Bijombo,
Mukarusanga


Uvira, tarehe 11 Juni 1964

Mama Mkwe mpendwa,

Salamu nyingi. Hatujambo, na wewe hujambo naomba. Cyprien alikuwa na tumbo, limepona. Siagi uliyotuma nimewapaka miguuni kama ulivyoagiza, wakanilalamikia kwamba mama anawakaanga.

Nimeshona vishanta. Nakiri kwamba nilishona nikilia na nikicheka, kwa sababu gunia lilikuwa na maandishi na cha Murekatete kimeandikwa "kilo hamsini" mgongoni. Kila alfajiri tunatoka nyuma ya nyumba, tunafuata mto Kalimabenge kwenda juu hadi kwenye mawe makubwa, tunarudi. Siku ya kwanza Cyprien alikula viazi vyote kabla nyumba haijatupotea machoni, akasema amepunguza mzigo. Siku ya nne walifika na kurudi bila mtu kukaa chini. Murekatete sasa analala na kishanta chake, ukikivua analia. Majirani nikawaambia tunatafuta kuni.

Lakini kuwaleta bado sijaweza. Nilifunga mizigo Jumatatu. Nikawaza, niwape Nduwimana watoto watatu, mimi nirudi ndani ya nyumba hiyo peke yangu? Nikafungua mizigo. Mama, nina woga, sina maneno mengine. Nikiwa nao naogopa kwa ajili yao, na nikifikiria kuwa bila wao sijui nitaamka kwa sababu gani.

Sasa nikupe habari itakayokuchekesha. Jumanne iliyopita nyumbani hapakuwa na haragwe hata moja. Soko limefungwa, na ndege zimepita mara mbili juu ya ziwa, kila mtu kaingia ndani. Nilikuwa na ndagala tu, vile visamaki vya kukausha. Wewe unamjua mwanao. Miaka kumi ya ndoa nimekaa na mtu anayetoka nje ya nyumba nikipika samaki! Siku ya harusi wajomba zangu walimwekea migebuka mezani, akawaambia kwamba ameshiba tangu kwao. Nilimpelekea hizo ndagala nikiwa na aibu, nikajua sahani itarudi ilivyokwenda. Mama, imerudi tupu. Hata mafuta yamefutwa kwa ugali. Nikakaa pale mlangoni nikacheka mpaka mlinzi akanifukuza. Njaa imemfundisha kile nilichoshindwa miaka kumi. Akitoka, atanilipa kwa kula sangala mzima mbele ya wajomba.

Basi anakula, basi yu hai, basi nangoja. Usinikasirikie.

Mkazamwana wako,
Honorine


Bijombo, tarehe 14 Juni 1964

Honorine mwanangu,

Salamu. Tuko wazima. Barua hii ni fupi kwa sababu Nduwimana anarudi leo hii, hata hakupumzika.

Hukunichekesha. Mwanangu hali samaki. Mimi nimemzaa, nimemlea katika nyumba ya maziwa, namjua. Mchungaji alitufundisha kwamba hakuna chakula kilicho najisi, nasi tukasema amina, lakini tumbo halijasoma Biblia. Sebagenzi angelala na njaa siku kumi kabla ya kutia kitu cha majini kinywani. Ungempelekea mawe angejaribu mawe kwanza.

Waliokula zile ndagala ni watu wa ziwa. Ni walinzi. Sahani yako imekuwa ikilisha walinzi, sijui tangu lini, labda tangu siku ya kwanza. Naapa mbele za Mungu kwamba mwanangu hayuko nyuma ya mlango ule.

Mimi mama yake ndiye ninayekuambia. Kama ninaweza kuyaandika, weye unaweza kuyasoma. Usilie huko chini, utalia huku juu, nitakusaidia. Wavike watoto vishanta ufuate Nduwimana. Wote wanne.

Mama yako,
Mukarusanga


Nyumbani kwa mwinjilisti Hagenimana, njiani, tarehe 19 Juni 1964, asubuhi

Mama Mkwe,

Nakusalimu nikiwa njiani kuja kwako. Watoto wazima, miguu yao imevimba lakini haijatoboka. Mimi usiniulize.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Sikulia, kama ulivyoniagiza. Nilipika ugali wa njiani, nikafunga nyumba, tukatoka alfajiri ya tarehe 17 kama watu wa kuni. Sahani niliiacha juu ya meza.

Nikuambie wajukuu zako walivyotembea, maana utataka kujua. Siku ya kwanza walikuwa kama watu wa sikukuu. Kila walipochoka Florentine aliuliza jina la mahali pa mbele, Nduwimana akalitaja, wakatembea hadi pale. Pale pa mteremko wenye mawe Cyprien aligeuka nyuma akaona ziwa lote hadi Burundi, akasema ziwa ni dogo, kwa nini watu huzama. Murekatete alitembea peke yake hadi kijito cha tatu na kilo zake hamsini mgongoni. Baada ya hapo Nduwimana, mwanamume mzima mwenye ndevu, alimfunga mgongoni kwa kitenge changu. Wanawake waliokuwa wakilima walimcheka. Aliwaambia wacheke, lakini wamwonyeshe njia isiyo na vijana.

Siku ya pili ilikuwa mvua. Murekatete hajawahi kuona ukungu, alidhani mlima unaungua. Viazi vilikwisha. Cyprien alitapika, nikafikiri nitamzika huko. Kwenye ule mwinuko wa mwisho kabla ya nyumba hii Florentine alibeba kishanta chake mgongoni na cha mdogo wake kifuani, akinitangulia. Mama, sijui mtoto huyu nimemzaa lini. Mke wa Hagenimana aliwapa maziwa moto, wakalala wakiwa wamekaa.

Sasa soma polepole.

Leo asubuhi amefika hapa mtu anayeitwa Pontien. Alikuwa mpigachapa katika ofisi ileile ya teritwari, akafungwa pamoja na Baba Florentine. Juzi jioni walimtoa na wengine, Baba Florentine akabaki, wakabebeshwa masanduku barabara ya Luvungi, Pontien akaruka mtaroni, akakimbia. Ni mifupa mitupu. Aliponiona akanishika mkono akaniambia hivi: "Mama Florentine, bwana yako iko muzima. Tulikuwa tunalala chumba moja. Ile siku ya ndagala alinigawia nusu. Akafunga macho, akakula, akasema, bibi yangu atanicheka mpaka nakufa."

Nilimwuliza mara tatu. Nikamwuliza alivyovaa, nikamwuliza kovu la mkononi. Ni yeye. Tena Pontien anasema tarehe 17 saa sita sahani haikufika. Mlinzi aliingia chumbani akasema kwamba mke wa karani amechoka.

Mama, ulikosea. Sikulaumu. Ulimjua mtoto uliyemlea, lakini gereza limekutengenezea mwingine. Mimi ndiye niliyemnyima chakula siku tatu.

Narudi. Nimeomba maharage kwa mke wa Hagenimana na kesho jioni nitakuwa Uvira. Nduwimana amekataa, amesema, "Weye ukirudi, minye nitasema nini kwa ule mama?" Nimemwambia aseme watoto ni hawa hapa. Kutoka hapa kwako ni siku moja; leo watapumzika, kesho watafika. Florentine nimemweleza kweli yote, hakulia, ila ameniomba nisimwamshe Murekatete. Cyprien nimemwambia jina la mahali pa mbele ni kwa Bibi.

Murekatete hulala akishika sikio la mtu. Mwachie lako.

Mkazamwana wako,
Honorine


Bijombo, tarehe 21 Juni 1964

Honorine, Honorine mwanangu,

Watoto wamefika jana saa tisa. Wote watatu, kila mmoja na kishanta chake. Cyprien ana homa ndogo. Wamekula, wameoga maji ya moto, wako chini ya ngozi kando ya moto. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utaanza kulitafuta.

Salamu sina. Siwezi kukuuliza hali yako wakati mimi ndiye niliyeiharibu.

Sikukosea. Hilo ndilo ninalopaswa kukuandikia. Sebagenzi alikuwa na miaka kumi na miwili alipokula samaki mara ya kwanza, kule shule ya misheni, kwa sababu hawakuwapa kitu kingine. Aliporudi likizo nilisikia harufu kwenye nguo zake. Nilimpiga. Baba yake alimtenga na vyombo vya maziwa siku nne. Mtoto yule aliniambia, mama, nilikuwa na njaa. Tangu siku ile akawa anakimbia samaki kwa ajili yangu, si kwa ajili ya tumbo lake. Nilijua anaweza kula akibanwa. Niliposoma barua yako ya ndagala nilijua kwamba yu hai, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Kisha nikanyanyuka, nikachukua karatasi, nikaapa kwa Mungu huyohuyo kwamba hayupo.

Niliona mambo mawili. Niliona mwanangu ndani ya mlango ambao wewe huwezi kuufungua hata ukimpikia mwaka mzima. Na niliona watoto watatu katika nyumba ambayo wale vijana wangeifikia siku yoyote. Nikachagua. Nilisema, acha nimpoteze mmoja niliyemzaa, nipate wanne. Nilihesabu vizuri, hesabu ya watu wa ng'ombe. Sikujua kwamba utamkuta mtu wa kukuambia kweli njiani, wala sikujua kwamba kweli itakushusha mlima kwa kasi kuliko uongo wangu ulivyokupandisha.

Kama atakufa kwa njaa ya siku zile tatu, ni mimi niliyemuua, si weye. Liandike hilo moyoni. Na kama utamwona, usimwambie. Au mwambie, sijui. Mwambie mama yake anasema kwamba hakuwa na kosa siku ile ya likizo.

Rudi. Sina haki ya kukuamuru tena, kwa hiyo nakuomba. Nduwimana anashuka kesho na barua hii.

Mukarusanga


Bijombo, tarehe 6 Septemba 1964

Mwanangu Honorine,

Nakusalimu, popote ulipo. Hapa tuko wazima. Nimeuliza hali yako kwa kila anayepanda kutoka ziwani na hakuna anayenijibu, kwa hiyo nakuuliza mwenyewe.

Barua yangu ya mwezi wa sita imenirudia. Nduwimana alifika Uvira mara mbili. Nyumba yako ina kufuli ambalo si lako. Gerezani mlinzi mpya alimwambia hakuna karani, hakuna mke wa karani, wengine walipelekwa kusini kwa lori na wengine hawakupelekwa popote. Mwanamke wa jirani ndiye pekee aliyesema kitu. Alikuona tarehe 20 jioni ukipita na sahani iliyofunikwa, ukitembea haraka, ukamwambia utarudi kuongea. Mara ya tatu Nduwimana amekataa kushuka na mimi sikumlazimisha. Barua hii nampa Hagenimana, yeye ampe atakayeshuka.

Nakuandikia kwa sababu nikiacha kuandika nitakuwa nimekubali.

Cyprien anachunga ndama, anawapa majina ya wavuvi wa kwenu. Florentine ameuliza kama miguu yake imekomaa vya kutosha kushuka kukutafuta. Nimemwambia bado. Ananiangalia kwa namna ambayo najua kwamba amesoma ile barua iliyorudi, niliiweka mahali pabaya. Hajanisemesha siku ya sita leo, ila ananichotea maji.

Murekatete amenenepa. Anazungumza lugha yetu zaidi kuliko ya kwenu. Usiku hushika sikio langu kama ulivyoniambia. Tangu wiki iliyopita ameanza kuniita mama. Florentine alimkaripia. Sijamkataza, Honorine. Njoo umkataze mwenyewe.

Bibi yao,
Mukarusanga